Kompyuta ya Kupakata na Kioo cha Mezani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosemwa katika redio

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: DAFTARI, KOMPYUTA, KIOO. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mara mbili. Vyema. Somo letu la leo ni historia ya maneno hayo matatu.

Leo nimekaa na mgeni. Ni mama mmoja wa Mkwaja, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi.

MWALIMU: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo. Habari za Mkwaja?

MAMA: Njema, ila nimekuja na swali. Niliingia katika ofisi moja nikamkuta kijana anafanya kazi. Mezani pake ana kompyuta ndogo, yafunguka kama kitabu. Mbele yake amesimamisha kioo kikubwa kama televisheni. Macho yake yako katika kile kikubwa, wala ile ndogo haitazami kabisa. Nikajiuliza, kompyuta ni ipi? Na kama ile ndogo yatosha, kubwa ni ya nini?

MWALIMU: Swali hilo ni zuri, mama. Tutalijibu, lakini tuanzie mbali kidogo. Tuanzie kwako Mkwaja.

Daftari la ng'ombe

Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga. Kiko kusini ya mji wa Pangani. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi, na jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya ng'ombe huko Mkwaja. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na wafanyakazi wengi, na wafanyakazi walihitaji nyama. Lakini nchi ile ina mbung'o, na mbung'o huleta ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe. Ilibidi ng'ombe wapewe dawa tena na tena. Sasa fikirini: ng'ombe maelfu, na kila kundi lina siku yake ya dawa. Je, mtu aweza kushika hayo yote kichwani? Hawezi. Ranchi haiendi bila daftari. Ranchi ile ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya kale kuliko ranchi, na kuliko kompyuta. Kompyuta nayo, katika kazi za ofisi, ni daftari. Ni daftari lenye kuhesabu upesi na lenye kurasa nyingi. Basi kila tunapoiona kompyuta, tuulize maswali mawili. La kwanza: daftari hili linaandikwa na nani? La pili: nani anaweza kulisoma? Shikeni maswali hayo mpaka mwisho wa somo.

Mashine ya mwaka 1965

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Msidhani ilikuwa kitu cha kuweka mezani. Kompyuta za siku zile zilikuwa makabati kadhaa yaliyopangwa chumbani, na chumba kilitakiwa kiwe na baridi. Makarani walizipa hesabu kwa njia ya kadi au karatasi zilizotobolewa matundu. Majibu yalitoka yamepigwa chapa katika karatasi ndefu. Mtu wa kawaida hakuingia katika chumba hicho. Hata karani aliyetoboa kadi hakuona hesabu ikifanyika. Alipeleka kadi, akangoja karatasi.

Mashine za namna hiyo ziliongezeka kidogo kidogo, lakini kwa nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Tena zilileta taabu. Vipuri vilitoka ng'ambo, mafundi wengi walitoka ng'ambo, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Hesabu za Serikali zilipopelekwa katika kompyuta, kazi haikwenda kama ilivyotazamiwa. Basi mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Tuseme haki. Wako waliolaumu amri ile, wakasema imeturudisha nyuma. Lakini tuangalie sababu yake. Nchi ilinunua mashine kubwa kabla ya kuwa na watu wa kutosha wenye kuijua, na mwenye chombo asichokijua hutawaliwa na chombo. Katika miaka ya 1980 masharti yakaanza kulegezwa, na kompyuta ndogo za mezani zikaingia katika ofisi na vyuo. Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar waliipata mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa bara walikuwa watu wazima walipoona kioo chenye picha mara ya kwanza. Asiwaone haya mtu yeyote anayejifunza leo.

Sanduku lenye kioo cha kiganja

Wakati mlango wetu umefungwa, huko Marekani mashine zilikuwa zinapungua ukubwa. Mwaka 1981 mtu mmoja aitwaye Adam Osborne aliuza kompyuta ya kubeba, jina lake Osborne 1. Ilifanana na cherehani ya mkono ndani ya sanduku lake. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi. Kubeba, twaweza kuibeba; kwenda nayo mbali kwa miguu ni jambo jingine. Tena haikuwa na betri ndani yake, kwa hiyo popote ilipokwenda ilitafuta umeme.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kioo. Kioo kilikuwa cha inchi 5 tu, kiasi cha kiganja cha mkono. Kilionyesha herufi 52 katika mstari mmoja, na mstari wa hesabu mara nyingi ni mrefu kuliko hapo. Mfanyakazi aliusoma mstari nusu nusu, kama mtu anayechungulia chumbani kwa tundu la ufunguo. Basi waliotengeneza mashine ile waliweka tundu upande wa mbele, ili mwenye nayo anapofika ofisini aunganishe kioo kikubwa.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye jibu la kwanza la swali la mama. Kijana yule wa ofisini hakubuni jambo geni. Tangu kompyuta ilipoanza kubebwa, ilihitaji kioo cha pili. Kitu cha kubebwa sharti kiwe kidogo, na kitu cha kusomwa kutwa nzima sharti kiwe kikubwa. Mambo hayo mawili hayakai vizuri katika sanduku moja.

Mwaka 1982 ilitokea kompyuta nyingine iitwayo GRiD Compass, iliyofunguka na kufungwa kama kitabu. Umbo hilo ndilo lililoshinda. Kwa Kiswahili tunaiita kompyuta ya kupakata, au kompyuta mpakato. Jina hilo limechaguliwa kwa akili. Kupakata ni kuweka kitu mapajani, kama mama anavyompakata mtoto. Lakini kila mama ajua kwamba mtoto hapakatwi kutwa kucha. Shingo huinama, mgongo huuma. Na kompyuta ni hivyo hivyo.

Mwaka 1987 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta zenye tundu la kioo la pini 15. Makampuni mengine yakaliiga tundu hilo, na kwa miaka mingi karibu kila kompyuta na kila kioo vikawa nalo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ni kubwa. Kwa sababu ya tundu moja, kompyuta ya kampuni hii iliweza kufungwa na kioo cha kampuni ile.

Mwaka 1992 kampuni ya Apple ilifanya jambo jingine. Iliuza kompyuta ndogo nyembamba iitwayo PowerBook Duo, na pamoja nayo sanduku la mezani. Mtu akirudi kutoka safari aliisukuma kompyuta ndani ya sanduku, kama kanda inavyoingia katika mashine yake. Juu ya sanduku palikaa kioo kikubwa. Asubuhi aliitoa akaenda zake. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapo. Chombo huenda na kurudi, bandari hubaki.

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko desturi ya wakati ule, na makampuni mengine yakaifuata. Wakati huo huo vioo vya mezani navyo vilibadilika. Vile vya zamani vyenye kisogo kirefu, vizito kama jiwe, viliachwa. Vikaja vioo vyembamba, vyepesi, vyenye kutumia umeme kidogo. Hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida alipoweza kupanga meza yake kama yule kijana: kompyuta moja ndogo kuwa ndiyo kompyuta yake kuu, na kioo kimoja kikubwa cha kuisomea.

Akili iko wapi?

MAMA: Mwalimu, nimefuata. Lakini hujaniambia akili iko katika kipi.

MWALIMU: Akili iko katika ile ndogo, mama. Hesabu hufanyika humo, na maandishi hukaa humo. Kioo kikubwa hakina kumbukumbu ya kazi yako. Kompyuta hupeleka picha kwa waya, na kioo huionyesha. Ni kama maji yaliyotulia: huonyesha sura ya mtu, lakini mtu akiondoka hayabaki na kitu. Ukichomoa waya, kioo huwa kitupu, na kazi yote imo katika ile ndogo.

MAMA: Na umeme ukikatika?

MWALIMU: Swali la mtu aliyeishi! Sikilizeni, maana hapa ndipo mpango huu unapofaa kwetu.

Umeme wa Tanga una historia yake. Mto Pangani umefanywa kuzalisha umeme kwa miaka mingi. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, nguvu yake megawati 21. Kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilianza mwaka 1995. Lakini maji yakipita karibu nawe si kwamba umeme umo nyumbani mwako. Vijiji vingi vilingoja sana, mpaka Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Na pale ulipofika, umeme hukatika.

Sasa tazameni. Kompyuta ya mezani ya desturi haina betri. Umeme ukikatika, huzima papo hapo, na kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea. Lakini kompyuta ndogo ina betri ndani. Umeme ukikatika, kioo kikubwa huzima, lakini kompyuta haizimi. Karani hufungua kifuniko, akaendelea katika kioo kidogo mpaka amalize mstari wake. Anapoteza ukubwa wa herufi, hapotezi hesabu. Tena vyombo hivi havili umeme mwingi. Kioo chembamba cha kiasi hutumia wati 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo hata mtambo wa jua usio mkubwa waweza kukiendesha kwa saa kadhaa.

Namna ya kupanga meza

Kiongozi wa darasa, chora ubaoni meza, kiti na kioo. Tutakwenda upesi.

Kwanza, kioo kikubwa kikae mbele yako, mbali kiasi cha urefu wa mkono. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo. Kikiwa chini, weka kitu imara chini yake.

Pili, vibonye vya kompyuta ndogo hubana vidole. Kwa kazi ya kutwa ongeza kibodi ya pembeni na kipanya, ili mikono ikae vizuri.

Tatu, kabla ya kununua kioo, tazama matundu. Kompyuta yako ina tundu gani, na kioo kina tundu gani? Lile tundu la pini 15 bado lapatikana katika vyombo vya zamani. Vyombo vya baadaye vina tundu la HDMI, lililoanza mwaka 2002, au lile dogo la USB-C, lililoanza mwaka 2014. Matundu yasipofanana, utahitaji kiunganishi, nacho kina bei yake. Wengi wamerudi nyumbani na kioo kizuri kisichoingia popote.

Nne, kompyuta hupumua. Ina matundu ya kutoa joto, na pwani yetu ni ya joto na chumvi. Usiifunge kwa kitambaa inapofanya kazi. Ikizimwa, ifunike isiingie vumbi.

Tano, kitu kinachobebeka pia chaibika, na chaweza kuanguka kutoka pikipiki au kuloa katika mashua. Weka nakala ya kazi yako mahali pa pili, katika flashi au katika karatasi. Kioo kikiharibika, umepoteza kioo. Kompyuta ikipotea bila nakala, umepoteza daftari.

Nani anaweza kusoma?

Sasa turudi katika maswali yetu mawili. Tanzania ina Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982. Kwa sheria hiyo kila kijiji kina Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao ni wa wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa mbele ya watu. Lakini kusomwa ni kitu kimoja, na kuonekana ni kitu kingine. Mtendaji akisoma upesi kutoka katika kioo kidogo kilichomwelekea yeye peke yake, watu husikia namba, hawazioni. Wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani.

Tuseme kijiji kimoja cha pwani kinafanya vingine. Mtendaji huyo huyo, na kompyuta hiyo hiyo, anaunganisha kioo kikubwa na kukigeuzia watu. Mstari wa kwanza: ushuru wa samaki. Mstari wa pili: bati za darasa. Mstari wa tatu: mafuta ya pikipiki. Waliokaa karibu wanasoma, na wanawasomea walio nyuma. Mtu anainua mkono na kusema, "Bati tulizoziona shuleni ni ishirini, mbona hapo pameandikwa thelathini?" Swali hilo lisingeulizwa kama namba zingepita hewani.

MAMA: Lakini mwalimu, si waweza kuandika uongo hata katika kioo kikubwa?

MWALIMU: Waweza, mama. Uongo wa herufi kubwa ni uongo vile vile. Kioo hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Ndiyo maana stakabadhi ziwekwe mezani pamoja na kioo, na ndiyo maana ninyi mnajifunza kusoma. Kioo kikubwa mbele ya watu wasiojua kusoma ni taa mbele ya waliofumba macho.

MAMA: Basi mimi nitakaa mbele.

MWALIMU: Kaa mbele, mama.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1965 hesabu zilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa. Leo zinaweza kukaa mapajani, na jioni zikasomwa na kijiji kizima. Mashine ndizo zilizofanya safari ya kwanza, kutoka chumbani mpaka mapajani. Safari ya pili, kutoka mapaja ya mtu mmoja mpaka macho ya watu wote, haifanywi na mashine. Inafanywa na mtu anayegeuza kioo, na watu wanaojua kukisoma.

Maneno ya kukumbuka

Kupakata: kuweka kitu mapajani.
Kibodi: ubao wa vibonye vya kuandikia.
Nakala: maandishi ya pili yaliyo sawa na ya kwanza.
Stakabadhi: hati ya kuonyesha kwamba fedha zimelipwa.
Marufuku: jambo lililokatazwa.

Maswali ya darasa

1. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka gani, na wapi?
2. Kwa nini Osborne 1 ilihitaji kioo cha pili?
3. Umeme ukikatika, ni kipi kinazima na ni kipi kinaendelea? Eleza sababu.
4. Je, amri ya mwaka 1974 ilikuwa ya haki? Wagawanyike wanaokubali na wanaokataa, kila upande utoe sababu mbili.
5. Katika mkutano wa kijiji chenu, hesabu husomwa namna gani? Mngependa zisomwe namna gani?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, kila mtu kwa mkono wake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.